Vilima vya Shangazi Zuhura

Rosettenville, Johannesburg
12 Oktoba 2024

Shangazi yangu Zuhura,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Naomba karatasi hii ikukute salama kama inavyoniacha mimi. Kazi inaendelea, jua la huku limeanza kuwa kali, na nyumbani Tanga wote hawajambo. Baba anasema cherehani anazoletewa kutengeneza zimejaa barazani mpaka wageni wanaketi kwenye ngazi. Dada Tabia amejifungua mtoto wa kike na wote wawili wanaendelea vizuri. Baba analalamika kwamba siku hizi humpigii, unamtumia ujumbe wa kuandika tu.

Nami nimekupigia mara nyingi, hupokei. Sasa simu yangu imeharibika, na hii ndogo niliyonunua ni ya kupigia tu, kwa hiyo nimeona nikuandikie kwa kalamu. Bosi wangu, Bwana Mansour, ana dada anayeishi Leicester huko kwenu, Bi Yasmin, ambaye huja huku Fordsburg kumwona mama yao kila baada ya muda. Amekubali kubeba barua yangu sandukuni na kuitia posta akifika. Ukijibu, mtumie yeye, na akija ataniletea. Itachelewa, lakini itafika.

Bado ni karani katika duka lao la vitambaa vya jumla. Nakaa ghorofani, nyuma ya kioo, naandika ankara. Ni mahali pazuri. Mtu hawezi kukufikia pale bila kupita kwanza kwa watu wengine.

Baba ameniambia umeanza kupanda milima. Alicheka sana, kwa sababu anakukumbuka ukiita bajaji kwenda sokoni, na soko liko mtaa wa pili. Mimi nimefurahi, ila nina maswali. Unapanda na nani? Huko juu kuna watu wengine, au ni pori tupu? Mtu akiteleza, nani anamwona? Nisamehe kwa kuuliza hivi. Ningependa pia kujua unaona nini ukifika.

Mwanao,
Seif


Worcester
20 Novemba 2024

Mwanangu Seif,

Wa alaykumu ssalaam, na marahaba mara nyingi. Barua yako imefika ikinuka bizari, nadhani Bi Yasmin aliilaza pamoja na masala. Nimeinusa kwanza ndipo nikaisoma. Mpe Tabia hongera zangu, na mwambie mtoto apakwe mafuta ya nazi, si hayo ya kwenye chupa zenye picha. Mimi sijambo. Nyumba ya wazee ninapofanya kazi iko vilevile. Wananiita Zara kwa kuwa Zuhura linawashinda, nami naitika.

Unauliza napanda na nani. Na Denise, mwenzangu kazini, mama wa Kiingereza mwenye miguu ya mbuzi. Siku moja tulikuwa tunatandika vitanda, akaniambia, "Zara, miaka yote unaiona milima ile dirishani, hujawahi hata kuigusa?" Hiyo ni milima ya Malvern. Ukiwa mjini kwetu unaiona imelala kule kusini-magharibi kama mtu aliyejifunika shuka akakunja magoti.

Basi tuliondoka alfajiri. Njia ni nyasi na mawe, na kondoo wanakutazama kama umewakatiza mazungumzo. Nilipumzika njiani, nikapumzika tena, ndio umri huo. Tulipofika juu, ukungu ulikuwa umejaa bonde zima, mweupe, mzito, kama tui la kwanza kwenye sufuria, na vilima vidogo vimechomoza katikati kama vipande vya muhogo. Wallahi nilihisi njaa! Upande wa machweo ni milima ya Wales. Upande wa macheo ni tambarare mpaka macho yanachoka. Na watu wapo, usiwe na wasiwasi, wana mbwa zao, na kila mmoja anakusalimu, hata yule ambaye kule chini angekupita kama nguzo.

Kuna kitu nimekipenda huko juu. Wamejenga nguzo ya mawe, na juu yake wameweka sahani ya madini iliyochorwa mishale pande zote. Kila mshale una jina la mlima au mji unaouelekea. Nikaizunguka nikitafuta Tanga. Denise alicheka mpaka akakaa chini. Lakini ule upande wa kusini-mashariki ulinifaa, nikatandika koti langu nikaswali dhuha.

Nikakumbuka mwaka wangu wa kwanza huku. Nilikuwa naelekea kaskazini, kama tulivyozoea nyumbani, bila hata kufikiri. Miezi mizima naswali kuelekea Scotland! Mpaka mama mmoja wa Kibengali akanishika mabega akanigeuza kama mtoto anayevalishwa sare.

Sasa zamu yako. Johannesburg kuna vilima, nimeviona kwenye ramani. Panda kimoja uniandikie unaona nini. Na usijisumbue kunipigia, mtandao wa mtaa huu ni mbaya. Barua inatosha.

Simu yako imeharibikaje?

Shangazi yako,
Zuhura


Rosettenville
18 Januari 2025

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Barua yako niliipata baada ya mwaka mpya, Bi Yasmin alipokuja. Nyumbani hawajambo. Mtoto wa Tabia wamempa jina lako, na Baba anasema analia kwa sauti yako vilevile, jirani wa tatu anasikia.

Nimeisoma habari ya mlima na ile sahani mara nyingi. Nikiwa kazini nikichoka naifikiria, na ukungu wako, na muhogo.

Kuhusu kilima changu. Ni kweli vipo. Kusini mwa mtaa wetu kuna safu inayoitwa Klipriviersberg, naiona nikianika nguo. Lakini huu ni msimu wa mvua, na mvua ya huku huja alasiri na radi za kutisha. Mtu akisimama kilimani anakuwa mrefu kuliko kila kitu. Kwa hiyo nimeona ni busara kusubiri.

Ninakaa chumba cha uani na kijana wa Bukavu, Gradi, ambaye ni mlinzi wa jengo la ofisi kule Randburg. Nilifanya kosa la kumsomea barua yako. Jumapili alisimama mlangoni amevaa suti ya kanisani.

"Seif, twende ata pale juu kidogo tu. Shangazi yako ni mumama, anapanda milima. Weye kijana, unapandaka tu kitanda."

Nikamwambia kuna radi.

"Radi iko wapi? Angalia mbingu. Ni bleu!"

"Itakuja."

"Eish," akasema, akaenda zake.

Simu ilianguka. Ni hilo tu. Je, Denise ana gari? Mnarudi kabla ya giza?

Mwanao,
Seif


Worcester
2 Machi 2025

Mwanangu mwenye jina la upanga na moyo wa pamba,

Marahaba. Ramadhani imeingia, Mwenyezi Mungu aipokee kwenu na kwetu. Ati wamempa jina langu! Maskini mtoto wa watu. Mwambie Tabia amfundishe kuzira mapema, ndivyo sisi tulivyo.

Wiki iliyopita tulikwenda pengine, panaitwa British Camp, ni milima ileile ya Malvern lakini mwisho wa kusini. Gari linafika karibu sana, pana mkahawa na vyoo, huna haja ya kuogopa kwa niaba yangu. Kilima chenyewe ni cha ajabu. Watu wa kale, kabla hata ya Warumi kuja huku, walikichimba mahandaki kukizunguka, duara juu ya duara, hadi kileleni. Kwa mbali ni kama keki ya harusi iliyofunikwa nyasi. Waliishi huko juu ili wamwone adui akiwa bado mbali. Nilikufikiria wewe. Nikasema, Seif angepata nyumba hapa.

Mimi niliketi duara la kwanza, pana benchi zuri. Denise akaenda mpaka juu na kurudi. Anasema kuna ziwa dogo upande wa pili, maji yake meusi kama wino, na upepo unaotaka kumvua mtu kofia. Anasema anga lilikuwa wazi akaona hata minara ya makanisa ya Hereford. Nami chini pale niliona mashamba yaliyopangwa kwa nyua za miti, kijani hiki na kijani kile, kama ushungi wa viraka.

Sasa nijibu. Barua ya kwanza simu iliharibika. Ya pili ilianguka. Ilipoanguka, nani alikuwa ameishika?

Shangazi yako,
Zuhura


Rosettenville
26 Aprili 2025

Shangazi,

Shikamoo, na Idi njema japo imepita. Tuliswali Fordsburg, watu walijaa hadi barabarani, na mke wa Bwana Mansour alinipa sahani ya biriani nirudi nayo. Nyumbani wote wazima.

Umeniuliza, nami sitazunguka tena. Mwezi wa tisa mwaka jana nilikuwa natoka kazini. Nilisimama kwenye roboti, ndivyo wanavyoita taa za barabarani huku, nikingoja kuvuka. Vijana wawili walisimama pembeni yangu, mmoja kila upande, kama watu wanaongoja kuvuka pia. Mmoja aliniuliza kitu kwa Kizulu. Sikuelewa. Akacheka, akasema kwa Kiingereza, "Huyu si wetu." Kisu kilikuwa kidogo, cha kumenyea matunda. Nilitoa simu kabla hawajaiomba. Watu walikuwa wengi pale, Shangazi. Taa ikawa ya kijani na wote wakavuka.

Tangu hapo ni nyumbani na kazini. Wenyeji wa siku nyingi husimulia kwamba zamani, wakati wa fujo, wageni walikuwa wakisimamishwa na kuulizwa kiwiko kinaitwaje kwa Kizulu, na asiyejua aliumia. Nimelijifunza neno hilo. Ninalisema kimoyomoyo kila ninapotembea: indololwane, indololwane. Gradi hajui. Usimwambie Baba.

Kuna jambo lingine. Baba ameniambia kwamba Ramadhani nzima ulimwomba awalishe watu futari kwa jina lako, maskini mmoja kwa kila siku ya mwezi. Amefurahi sana, anasema dada yake amekuwa mkarimu uzeeni. Anaiita sadaka.

Nilitaka kukuuliza, kisha nimeona niache.

Mwanao,
Seif


Rosettenville
5 Julai 2025

Shangazi Zuhura,

Shikamoo. Bi Yasmin amefika juzi bila barua. Nimemuuliza mara mbili, akafungua hata mfuko wa pembeni wa sanduku kunionyesha. Labda uliituma ikachelewa. Labda niliandika jambo lililokuudhi.

Huku ni baridi, asubuhi kuna barafu kwenye kamba za nguo. Nilikupigia kutoka simu ya dukani. Iliita muda mrefu, mtu akapokea, sikusikia neno, nilisikia pumzi tu, kisha ikakatika. Ulikuwa wewe?

Niandikie hata mstari mmoja. Niandikie kuhusu kilima chochote.

Seif


Worcester
24 Agosti 2025

Mwanangu Seif,

Marahaba. Hukuniudhi. Barua yako ya Aprili niliisoma nikaiweka chini ya mto, nikawa kila siku nasema kesho nitajibu, na kesho zenyewe zimekuwa nyingi. Nimeandika herufi kubwa leo, usiseme huzisomi.

Ulifanya vyema kuwapa ile simu. Ungebishana nao ningekuja kukuzaba vibao mwenyewe. Na wale waliovuka taa ya kijani, nawafahamu, nasi tumewahi kuvuka. Sitakwambia usiogope. Mimi ni nani hata nimwambie mtu hivyo?

Wiki iliyopita Denise alinipeleka kwenye vilima vya Clent. Wametengeneza njia nzuri, tambarare, kutoka wanapoegesha magari hadi mahali pa kutazama. Magurudumu yalikwama kwenye changarawe, Denise akatukana Kiingereza ambacho mimi sikufundishwa. Ukifika unaona kote kuwili. Huku kuna maghorofa ya Birmingham, madogo, yamesimama kama vifuniko vya kalamu. Huku mashamba, halafu mashamba, halafu kitu cha buluu ambacho huwezi kusema ni mlima au ni wingu. Kuna mzee alikuja na kiti chake cha kukunja, akakaa karibu nasi, akatazama muda mrefu, akafunga kiti akaondoka. Nilimpenda.

Sasa sikiliza. Nakujua tangu ukitambaa, najua unapokuwa na swali mdomoni. Tufanye hivi. Panda kilima chako. Mchana, pamoja na watu, na uoga wako wote uubebe, nani kakwambia uuache nyumbani? Ukishuka uniandikie umeona nini, kila kitu, usinifupishie. Ukishafanya hivyo, niulize, nami nitakujibu bila kuzunguka. Kabla ya hapo sitajibu.

Shangazi yako,
Zuhura


Rosettenville
27 Septemba 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo. Wazima sote, na Tanga wazima. Zuhura mdogo ameanza kusimama, akishika meza ya cherehani ya Baba.

Nimepanda.

Tarehe ishirini na nne huku ilikuwa sikukuu. Kanisa la kina Gradi huwa na desturi ya kwenda kilimani kuomba siku za sikukuu, wanasema huko juu maombi hayagongi dari. Gradi aliniambia wanakwenda Klipriviersberg. Nikamuuliza kama wanamkubali Mwislamu. Alipiga kelele mpaka mwenye nyumba akatoka nje.

Kiongozi wao ni Mama Jocelyne, anayesuka nywele karibu na kituo cha teksi. Aliponiona nimesimama nyuma na viatu vyangu vya kazini, aliniwekea sufuria ya wali mikononi.

"Weye Muislamu wetu, kamata iyi. Mungu atakuona na mzigo."

Nikamuuliza kama njia ni salama, kama hakuna wezi.

"Baizi bakikuya," akasema, "tutabaimbia mpaka bakimbie. Hauyasikia soprano ya kwetu."

Wote wakacheka, nami nikacheka kwa sababu nilikuwa nimebeba sufuria na sikuweza kukimbia.

Njia inaanza chini kwenye miti, karibu na kijito. Kisha inapanda katikati ya mawe, na nyasi za majira haya ni kavu, rangi ya ngozi ya simba, na mahali pengine zimechomwa zikabaki nyeusi. Tuliona pundamilia. Nilitaka kukuandikia hilo kwanza, nikaona nifuate mpangilio. Walikuwa karibu sana, wakitutazama kama wale kondoo wako. Kuna pia kuta za mawe za watu wa zamani, zimebaki kufika magotini, duara ndani ya duara. Nikakumbuka duara lako la kwanza na benchi lake.

Katikati ya njia nilibaki nyuma kwa sababu ya sufuria. Wakatokea vijana watatu wakishuka. Shangazi, niliikumbatia ile sufuria. Wa mbele akanisalimia, akaniuliza jambo refu kwa Kizulu. Nami nikamjibu, kwa sauti kubwa, "Indololwane!"

Akanitazama. Akautazama mkono wangu. Akauliza tena, kwa Kiingereza safari hii, polepole, kama anavyoulizwa mgonjwa, "Kiwiko chako kinauma, ndugu yangu? Tukusaidie hiyo sufuria?" Kumbe aliuliza kama njia ile inafika mtoni. Mwenzake akaniongezea maji kwenye chupa. Waliposhuka nilisikia wakicheka, na kicheko chenyewe kilikuwa cha kawaida tu, kile ambacho mimi na Gradi tungecheka. Nimemsimulia Gradi. Sasa ananiita Kiwiko.

Naogopa bado. Jana pale kwenye roboti nilisimama mbali na kila mtu. Nakwambia hilo ili usidhani nimebadilika.

Sasa nilichokiona nilipokuwa juu. Umesema nisifupishe.

Unatazama kaskazini. Karibu yako ni mabati na vigae vya mitaa yetu, Rosettenville iko hapo, lakini chumba changu hakionekani. Mbele kidogo kuna vilima bapa vya manjano ambavyo si vilima, ni mchanga uliotolewa migodini zamani, na upepo ukipiga vinatoa vumbi kama unga unaopepetwa. Kushoto, mbali, kuna uwanja mkubwa wa mpira, wa mviringo, wa rangi ya udongo, kama kibuyu kilichokatwa. Katikati ni maghorofa ya mji. Kuna jengo moja refu la mviringo lililosimama peke yake kama bomba, na mnara mwembamba wenye kichwa, wa Hillbrow. Nilitafuta Fordsburg, nikatafuta duka, nikatafuta kile kioo ninachokaa nyuma yake. Sikukiona. Mji wote ulikuwa kimya, Shangazi. Sikujua kama unaweza kuwa kimya.

Adhuhuri ilipofika niliuliza wapi nitaswali. Kaskazini ndiyo kibla huku, kama nyumbani, kwa hiyo sikuwa na haja ya mtu wa kunigeuza. Nilielekea mji. Nilipotandika shuka, kwaya ilikuwa inaimba nyuma yangu kwa Kifaransa na Kiswahili chao, na nikamsikia Mama Jocelyne akikemea, "Mutoshe iyo sufuria mbele ya mutoto, anaomba!" Wakaiondoa. Kuimba hawakuacha. Niliswali humohumo.

Baadaye niliokota mawe nikatengeneza sahani yako. Mshale mmoja wa Makka. Mmoja wa Tanga, kulia kidogo tu. Na mmoja wako. Wewe uko kushoto, kati ya uwanja wa mpira na maghorofa, ukienda moja kwa moja bila kusimama. Gradi akaongeza wa Bukavu, ukachafua mpangilio wote.

Basi. Nimefanya ulichosema, sasa nauliza. Mtu hulisha maskini kila siku ya Ramadhani anapokuwa hawezi kufunga na hatarajii kuweza kulipa baadaye. Mlima wa kwanza ulipanda mwenyewe. Wa pili uliketi chini. Wa tatu una magurudumu, na hukuniambia ya nini. Na ile pumzi kwenye simu.

Shangazi, unaumwa nini?

Mwanao,
Seif


Worcester
30 Oktoba 2025

Mwanangu Seif Kiwiko,

Marahaba. Bi Yasmin aliileta barua mwenyewe kwa gari, kutoka Leicester, sikumtarajia. Alikaa kunywa chai. Ni mwanamke mwema na anasema sana, nami siku hizi napenda watu wanaosema sana, wananipumzisha.

Ahadi ni ahadi. Ni mapafu. Yamekakamaa, kama ngozi ya ngoma iliyosahauliwa juani, na hayalainiki tena. Waliniambia mwaka jana, wiki ileile niliyopanda Malvern. Nilitoka kwa daktari nikamwambia Denise, nipeleke kule juu sasa hivi, kabla sijaanza kuwa mgonjwa. Daktari hakunipa tarehe nami sikumwomba. Nina kiti cha magurudumu, nina mashine ya hewa inayonguruma kama paka. Simu ndiyo inayonishinda. Sentensi moja ndefu, na pumzi imekwisha, na kaka yangu angesikia. Kwenye karatasi naweza kupumzika kati ya neno na neno, na wewe huoni.

Ulihesabu vyema, mwanangu. Ni wewe tu uliyeona.

Sasa nina ombi. Mpigie baba yako. Umwambie wewe, kwa mdomo wako, usimwandikie. Atapiga kelele, kisha atanyamaza, na atakaponyamaza usikate simu, ndipo anapokuhitaji. Mwambie ile futari haikuwa ukarimu. Halafu, mkiamua mmoja wenu aje, Bi Yasmin amesema nyumba yake ina chumba, na atampokea uwanja wa ndege. Najua utaogopa ndege. Njoo nao uoga, chumba ni kikubwa.

Nataka ujue ninavyoishi, usije ukabuni mabaya zaidi. Siku hizi nakaa humuhumu kwenye nyumba ya wazee nilimokuwa nikitandika vitanda; kitanda changu kiko dirishani, na dirisha linatazama Malvern, magoti yaleyale chini ya shuka. Kibla kiko upande wa pili, na huko hakuna kitu, ni ukuta tu, mweupe, una msumari mmoja wa picha iliyoondolewa. Kila ukifika wakati wa sala Denise huja kugeuza kiti changu kiangalie ukuta. Nikimaliza, hunigeuza tena nitazame milima. Amejifunza nyakati zote, maskini, ana kipande cha karatasi mfukoni.

Leo baada ya alasiri alikuja kunigeuza kama kawaida. Nilikuwa na barua yako mapajani. Nikamwambia aniache hivyohivyo.

"Unatazama nini hapo, Zara?"

Nikamwonyesha kwa kidole. Pale kushoto, uwanja wa mpira, wa udongo. Hapo katikati, maghorofa, na mnara, na lile jengo kama bomba. Chini yake vilima vya manjano, upepo unapiga. Hapo karibu kuna watu wanaimba, na mtu anaondoa sufuria. Na kulia kidogo, nyuma kabisa, pale kwenye msumari, Tanga.

Alitazama ukuta, akanitazama mimi. Kisha akaenda kuvuta kiti kingine, akakiweka karibu na changu, akaketi.

Shangazi yako,
Zuhura